Nyimbo Hizi Zina Wenyewe: Utangulizi wa Elimu ya Muziki wa Bariadi na Simiyu

Katikati ya miaka ya 1930 John Hammond, kijana wa ukoo tajiri wa New York aliyejipa kazi ya kusaka wanamuziki, alikuwa akimtafuta mtu aliyemfahamu kwa vidole tu. Mkononi alikuwa na santuri iliyorekodiwa na kampuni ya Paramount mwishoni mwa mwaka 1927. Inaitwa Honky Tonk Train Blues, na ndani yake ni piano peke yake: mkono wa kushoto unaigiza magurudumu ya garimoshi bila kupumzika, wa kulia unapiga honi, unakata kona, unatania. Jina la mpigaji liliandikwa kwenye karatasi ya santuri, Meade Lux Lewis, lakini mwenyewe haonekani. Hammond alikuja kumpata Chicago, akiosha magari gereji. Hakuwa amefariki, wala hakuwa amesahau kupiga. Alikuwa kazini kama watu wengine.

Nimeanzia mbali na Bariadi kwa makusudi. Anayetaka kuingia katika elimu ya muziki wa mkoa wa Simiyu atakutana mapema na kanda, vitabu na programu za redio ambamo kwenye nafasi ya mtunzi pameandikwa "Wasukuma". Wasukuma ni mamilioni ya watu. Hawajawahi kukaa kikao kimoja wakatunga wimbo. Wimbo hutungwa na mtu mmoja mwenye baba na mama, mwenye shamba na madeni, na mara nyingi mwenye adui yake katika kijiji cha pili. Utangulizi huu unamkaribisha msomaji katika elimu inayomtafuta mtu huyo, na nitaazima njia kutoka kwa wale waliowatafuta wapiga piano wa Chicago kabla yetu.

Kwanza tujue walichokuwa wanakitafuta. Boogie-woogie ni namna ya kupiga piano iliyokomaa miongoni mwa Wamarekani weusi katika kambi za wakata magogo na vilabu vya kando ya reli huko kusini, Texas na Louisiana zikitajwa zaidi. Kutoka huko ilipanda garimoshi pamoja na wahamiaji, ikashuka Kansas City, St. Louis na Chicago. Kanuni yake inaelezeka kwa dakika moja na inamchukua mpigaji miaka kuitii. Mkono wa kushoto unashika mdundo mfupi wa besi, mapigo manane katika kila kipimo, na unaurudia. Unapanda hadi sauti ya nne, unarudi, unagusa ya tano, unarudi tena nyumbani, na vipimo 12 vikiisha safari inaanza upya. Mkono wa kulia uko huru kufanya utakavyo, mradi wa kushoto usiyumbe.

Kambini hapakuwa na bendi. Palikuwa na piano moja iliyochoka na watu waliotoka kufanya kazi ya mwili mchana kutwa, wakitaka kucheza. Mpigaji ilimbidi awe ngoma, besi na mwimbaji kwa wakati mmoja, na sauti yake ipite juu ya kelele za chumba kizima. Walipofika mjini, kazi ya mwili haikuwaacha. Lewis na rafiki yake Albert Ammons waliwahi kuendesha teksi. Jimmy Yancey, ambaye vijana hao walimhesabu kuwa mwalimu, alitunza nyasi za uwanja wa baseball wa timu ya White Sox kwa takriban miaka 25, na hakurekodi santuri yake ya kwanza hadi mwaka 1939, umri ukiwa umekwenda. Tarehe 23 Desemba 1938 Hammond aliwapandisha Lewis, Ammons na mpiga piano mwenzao Pete Johnson kwenye jukwaa la Carnegie Hall, New York, na kwa miaka michache iliyofuata Marekani nzima ilicheza mdundo huo. Watafiti waliokuja baadaye walikuwa na bahati moja kubwa: kila santuri ilikuwa na jina, na jina likishapatikana unaweza kuuliza mwenyewe aliishi wapi, alikula nini, alijifunza kwa nani.

Sasa tuje Simiyu. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega Shinyanga na sehemu ya Mwanza, makao makuu yakawa Bariadi. Una wilaya za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2. Busega inagusa Ziwa Victoria pale Lamadi, Meatu inashuka kuelekea Ziwa Eyasi, na upande wa mashariki ni nyika za Serengeti. Wenyeji wa Bariadi ni Wanyantuzu, Wasukuma wa mashariki, wenye lafudhi yao na majivuno yao. Ni nchi ya pamba, mtama, ng'ombe na viazi vitamu, na mgeni asishangae akikaribishwa kwa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

Piano hutaikuta. Ni chombo kizito kinachotaka chumba, sakafu na fundi wa kukirekebisha, na watu wa huku kwa vizazi walihama kufuata malisho na kutembea na mizigo kichwani. Wengi walikutana na kinanda kwa mara ya kwanza kanisani. Kwa hiyo ukiuliza mkono wa kushoto wa Bariadi ulikuwa nini, jibu langu ni jembe.

Bugobogobo, ambayo Watanzania wengi wameiona jukwaani au katika sherehe za kitaifa, ni ngoma ya majembe. Wachezaji wanayarusha hewani, wanayadaka, wanayazungusha, na ngoma kubwa zinawasukuma kwa nyuma. Ukiiona hivyo utadhani jembe ni pambo. Shambani halikuwa pambo hata kidogo. Vijana walijipanga mstari mmoja mbele ya pori la magugu, mpiga ngoma akiwa karibu, na majembe yakapanda na kushuka pamoja. Kishindo cha chuma kuingia udongoni kilikuwa pigo mojawapo la wimbo. Lile pigo lisipokuja kwa wakati wake, mstari unapinda, aliye dhaifu anaachwa nyuma na jirani yake anaweza kukatwa mguu. Mwimbaji ndiye alikuwa huru, akipita juu ya pigo hilo na habari za kijiji, sifa za mwenye shamba, kejeli kwa mvivu, na kikosi kikamwitikia. Kazi ambayo ingewachukua watu siku nzima ya kunung'unika ilimalizika, na bado jioni walikuwa na nguvu za kucheza.

Nyuma ya mstari huo palikuwa na utaratibu. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kulima, elika, chini ya kiongozi waliyemwita nsumba ntale. Mwenye shamba aliomba kikosi, akakilipa kwa chakula, pombe, mnyama wa kuchinja au fedha. Kiongozi wa ngoma na mtunzi aliitwa ningi. Haya ni maneno ambayo mwanafunzi atayasikia kila siku, na kila moja linamtaja mtu mwenye wajibu. Hakuna sehemu ya mfumo huu inayoendeshwa na "kabila".

Nyimbo zenyewe hazikuanzia shambani zote. Hapa ndipo elimu hii inapopata utamu wake, na anayeitwa mara nyingi kutueleza ni Frank Gunderson, mtafiti wa Kimarekani aliyekaa Usukumani miaka ya 1990, akatoa tasnifu yake mwaka 1999 na kitabu kinene cha nyimbo za kazi za Wasukuma mwaka 2010, chenye mamia ya nyimbo pamoja na tafsiri zake. Anachoonyesha ni safari. Kulikuwa na vyama vya kazi za hatari: bayege waliowinda tembo, bayeye waliokamata nyoka na kutibu walioumwa, banunguli waliowafuata nungunungu hadi ndani ya mashimo yao kwa sababu mnyama huyo akiingia shambani usiku, asubuhi huna viazi. Kila chama kilikuwa na dawa zake, siri zake na nyimbo zake. Serikali ya kikoloni ilipobana uwindaji na pamba ikashika uchumi, wawindaji wakawa wakulima, na nyimbo zikahama nao. Ujasiri wa kumkabili tembo ukageuzwa kuwa ujasiri wa kukabili ekari. Msikilizaji asiyejua historia hiyo atashangaa kwa nini mtu anayepalilia pamba anaimba habari za mkuki.

Kwa Simiyu kuna mnyororo mwingine usiotajwa sana na unaostahili tasnifu nzima, nao ni chumvi. Misafara ya Wasukuma ilivuka nyika kwenda Ziwa Eyasi kuchota chumvi na kurudi nayo. Jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha makala kuhusu misafara hiyo mwaka 1938, na leo njia ya kuelekea huko inapita wilaya ya Meatu. Wasafiri walitembea kwa siku nyingi katika nchi ya simba na kiu. Wapagazi wa Kisukuma na Kinyamwezi waliobeba pembe hadi pwani katika karne ya 19 wameshaandikiwa vitabu, lakini mwimbaji wa msafara wa chumvi, yule aliyepanga kasi ya miguu ili mzigo usimshinde mtu kabla ya maji yanayofuata, bado anawangoja waandishi wake. Mwanafunzi anayetafuta mada na asome aya hii mara mbili.

Pamba ilibadilisha mambo kwa njia ambayo hakuna aliyeipanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo chake kilitanuka kwa kasi, na wakulima, kwa kuchoshwa na mizani iliyochezewa ya wanunuzi, walijenga vyama vya ushirika ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya Paul Bomani. Waimbaji walikuwemo humo, wakisifu ushirika na kuwatukana wapunjaji. Lakini fedha za pamba zilinunua pia plau. Ng'ombe wawili na kijana mmoja wakafanya kazi ya kikosi kizima, na plau haihitaji mwimbaji. Jembe likapoteza shamba na likapata jukwaa. Kwa maoni yangu bugobogobo tunayoishangilia leo, yenye majembe yanayoruka juu kuliko vichwa, imekuwa ya kuvutia hivyo kwa sababu jembe halina tena udongo wa kuingia.

Yapo mashindano pia, na hapo sitaharakisha.

Ngoma za Usukumani zimegawanyika katika pande mbili, Bagika na Bagalu. Mapokeo yanazirudisha kwa waganga na wachezaji wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliotaka kujua nani ana dawa kali kuliko mwenzake, wakakubaliana kupimana kwa ngoma. Tangu hapo kila kikundi kinajua kiko upande gani, na mtu hurithi upande kama watu wa mjini wanavyorithi Simba na Yanga. Mavuno yakishaingia ghalani, Juni hadi Agosti, pande mbili zinakutana uwanja mmoja, kila moja na duara lake, zikicheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru kutembea. Duara lenye watu wengi zaidi ndilo limeshinda. Hakuna ubao wa alama, hakuna hotuba ya jaji. Ni miguu ya watu inayopiga kura, na inaweza kubadili kura yake kila dakika tano.

Fikiria hilo linamfanya nini mtunzi. Watu wakianza kuondoka unawaona. Ndiyo maana kikundi hujiandaa miezi kadhaa, hutafuta dawa ya kuvuta watu, hutayarisha mshangao: nyoka hai begani, sanamu la mbao lenye viungo vinavyocheza, mnyama aliyekaushwa, vazi ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Masanamu hayo sasa yanatazamwa katika makumbusho ya Ulaya yakiwa yamesimama kimya nyuma ya kioo, na maelezo yake mara nyingi hayasemi kwamba yalitengenezwa kumwibia mtu watazamaji wake. Mtafiti asidharau dawa, wala asiigeuze kuwa hoja kuu. Waimbaji wenyewe huizungumzia kama sehemu ya maandalizi pamoja na mazoezi na mashairi, na kikundi kikishindwa lawama hugawanywa sawasawa.

Silaha kubwa ni wimbo wa kumshambulia mpinzani. Ningi wa upande huu anamtaja wa upande ule kwa jina, jina la baba yake, kijiji chake, na kuanzia hapo hakuna kilicho salama: ng'ombe aliokopa kwa mahari na hajalipa, safari yake ya mjini iliyomrudisha mikono mitupu, nyimbo alizoiba. Mwingine anajibu msimu unaofuata. Matusi haya yaliwakera baadhi ya wamishenari na maafisa, na hata leo walimu wengine huyaondoa kwenye mikusanyo ya shule. Mimi nayahesabu kuwa ndiyo hazina yetu. Wimbo wa kujisifu unatuambia ningi alivyotaka kuonekana, ila wimbo wa adui yake unatuambia alikuwa nani, au walau watu walikuwa tayari kuamini nini kumhusu. Ukiweka nyimbo za wapinzani wawili kwa mfuatano wa misimu unapata maisha mawili yanayosomana, yenye tarehe zinazoweza kupimwa kwa njaa, mafuriko, bei ya pamba na mtemi aliyekuwa madarakani. Utemi ulipofutwa baada ya Uhuru, kipimo kimoja kilipotea, lakini serikali ya vijiji na Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 vikaleta vingine. Wasifu wa mtunzi wa Kiafrika asiyeandika barua unaweza kuandikwa kwa matusi aliyotukanwa, na sijui chanzo kizuri kuliko hicho.

Wapiga piano nao walikuwa na mashindano yao. Mjini Chicago, mtu aliyekosa kodi ya nyumba aliandaa karamu chumbani kwake, akatoza kiingilio, akaita wapiga piano, na wapigaji wakapokezana kiti hadi alfajiri kila mmoja akitaka kumfuta mwenzake. Lewis, Ammons na Clarence "Pinetop" Smith waliwahi kupanga katika jengo moja, wakitumia piano ya Ammons. Ushindani wa namna hiyo hufundisha haraka kuliko shule, kwa kuwa jambo jipya la jirani unalisikia ukutani jioni na kesho yake lazima ulijibu. Tofauti ni kwamba Wachicago hawakutukanana kwa nyimbo kwa kiwango cha Usukumani. Kwa hiyo tunajua walivyopiga na tunajua kidogo walivyochukiana.

Hapa natoa onyo. Msomaji mwenye shauku anaweza kuvutwa kuamini kwamba mdundo wa Texas ulitoka Bariadi, kwa kuwa yote mawili ni marudio, kazi na jasho. Aache. Watumwa waliopelekwa Amerika ya Kaskazini walitoka kwa sehemu kubwa Afrika ya Magharibi na eneo la Kongo na Angola, si kandokando ya Ziwa Victoria. Mfanano ninaoufuata hapa ni wa hali ya maisha. Mahali ambapo watu wanafanya kazi ngumu kwa pamoja, kisha wanataka kucheza, na mwanamuziki mmoja anapaswa kuwashika wote, huzuka muziki wenye sehemu isiyobadilika chini na uhuru juu. Kuueleza mfanano huo inatosha, bila kumtafutia mtu babu.

Aliyesoma hadi hapa atataka kujua kazi imefikia wapi. Hans Cory, Mwaustria aliyeajiriwa na serikali ya kikoloni kuchunguza jamii, aliandika kuhusu utemi mwaka 1951 na sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953. Makaratasi yake yako Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwenye subira hupata humo nyimbo katikati ya habari za mahari. Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi mwaka 1950. Padri David Clement wa Quebec alijenga Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, kanisa na makumbusho mahali pamoja, akaingiza ngoma katika ibada na kuifungamanisha sikukuu ya Ekaristi na mashindano ya Bagika na Bagalu. Ndiyo Bulabo inayofanyika hadi leo kila mwaka karibu na Juni. Wapo wanaosema aliifuga ngoma. Nadhani aliipa uwanja wakati viwanja vingine vilikuwa vinafungwa, ingawa ni kweli kwamba uwanja wa kanisa hauruhusu kila tusi. Mwaka 2000 Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilichapisha Mashindano!, mkusanyo uliohaririwa na Gunderson na Gregory Barz kuhusu ushindani katika muziki wa Afrika Mashariki, na hicho ndicho kitabu ninachokipendekeza kwanza kwa anayesoma Kiingereza. Kabla yake Terence Ranger alikuwa ameshaandika, mwaka 1975, juu ya beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, na uhasama wake wa kupendeza.

Utaona kasoro mbili mara moja. Karibu yote haya yameandikwa kwa lugha ambayo waimbaji hawaisomi. Na karibu yote yanatazama Mwanza na Magu, ambako kuna barabara, kumbukumbu na Bujora. Bariadi, Itilima na Meatu huonekana pembeni, kama mahali ambapo vikundi fulani vilitokea. Ningeongeza ya tatu, wanawake. Kwa kuwa mashindano makubwa yaliongozwa na wanaume, vitabu vimejaa wanaume, ilhali wanawake waliimba kwenye kupalilia, kusaga, harusi na misiba. Historia ya boogie-woogie ina upungufu huo huo. Mary Lou Williams, aliyetunga Roll 'Em mwaka 1937, hutajwa ukurasa wa mwisho wakati alistahili sura yake.

Usidhani elimu hii inachimba makaburi. Tembea stendi ya Bariadi au soko la Lamadi siku ya mnada na utasikia nyimbo za Kisukuma za leo kutoka kwenye spika za maduka ya simu, za kina Bhudagala Ng'wana Malonja na wenzake wengi, zinazosambazwa kwa memori kadi, simu kwa simu, na kwenye mtandao wa YouTube. Sikiliza sehemu ya chini. Kinanda cha umeme au kompyuta ya prodyuza imetoa mdundo wa sekunde chache, na mdundo huo unarudi tangu mwanzo hadi mwisho bila kubadilika, dakika nane, dakika kumi. Juu yake mwimbaji anasimulia, anasifu, anaonya, anataja watu kwa majina. Mkono wa kushoto umefika Simiyu hatimaye, ila haushikwi na mtu aliyekaa kwenye kiti. Wasomi wengine wa muziki huukunjia uso muziki huu wakisema kompyuta imeua ngoma. Wamesahau jinsi mdundo wa Pinetop Smith ulivyokuwa mfupi, maana ule nao ungekaa vizuri kwenye kompyuta. Kinachopaswa kuulizwa ni kama mwimbaji aliye juu yake ana la kusema, na wengi wanalo. Wateja wanaolipa ili watajwe kwenye wimbo wamechukua nafasi ya mwenye shamba aliyelipa kikosi kwa pombe na nyama, na anayetaka kuandika uchumi wa sifa Usukumani ana ushahidi usiokatika tangu siku za elika.

Hilo linatufikisha kwenye haki, jambo ambalo mtafiti wa sasa hawezi kuliruka. Pinetop Smith alirekodi Pine Top's Boogie Woogie Desemba 1928. Machi 1929, akiwa na miaka 24, alipigwa risasi akafa katika ukumbi wa dansi Chicago. Mwaka 1938 bendi kubwa ya Tommy Dorsey ilikirekodi kipande hicho, na santuri hiyo ikauzwa kwa mamilioni. Watu waliicheza nchi nzima bila kumjua kijana aliyeitunga, na hapo jina lake lilikuwa limechapishwa. Sasa fikiria ningi wa Itilima ambaye wimbo wake ulirekodiwa uwanjani, ukaingia maktaba ya redio kama ngoma ya Wasukuma, ukachukuliwa na kikundi cha sanaa cha Dar es Salaam, kisha na mwanafunzi wa Ulaya. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo COSOTA iliundwa kuisimamia, inamlinda mtunzi anayejulikana. Asiyejulikana hana njia ya kudai chake. Kwa hiyo kuandika jina si adabu tu ya kitaaluma. Ni hati ambayo mjukuu anaweza kuishika mkononi siku moja na kwenda nayo ofisini.

Kwa anayeanza, nina maelekezo machache ya kazi. Nenda baada ya mavuno, na uanze na wazee wa vikundi kabla ya maofisa utamaduni, ingawa kibali lazima ukatafute kwa maofisa. Jifunze salamu za Kisukuma na uzitumie taratibu, maana salamu za huku hazikatwi katikati. Ukipewa jina andika na la baba na la mama, kwa sababu mwimbaji anaweza kujulikana kama ng'wana fulani kwa upande mmoja kijijini kwao na kwa upande mwingine ng'ambo ya mto, nawe ukadhani ni watu wawili. Uliza alikuwa Bagika au Bagalu. Uliza analima nini, amewahi kuajiriwa wapi, alianza kuimba kazini au harusini, nani alikuwa nsumba ntale wake. Rekodi wimbo wote, pamoja na makosa na watu wanaokohoa, na umwachie nakala yake kabla hujaondoka.

Kisha uliza nani aliwahi kumshinda. Wengi watacheka, wengine watakasirika kidogo, na utaambiwa kwamba siku hiyo mvua ilinyesha au dawa ilichezewa. Andika hayo yote. Ukishapata jina la mshindi huyo uliza kama yuko hai na anakaa kijiji gani, panda bodaboda, umfuate naye akueleze upande wake.